Wakwe Wanadhani Mimi Ni Mtu wa Kodi, Kumbe Nimesomea Dampingi

Shangazi Justina, shikamoo, natumaini goti lako lile ulilolilalamikia gazetini limepata nafuu. Mimi ni msomaji wako tangu sekondari, nilikuwa nasoma safu yako nawacheka watu wanaokuandikia, nasema hivi kweli mtu mzima na meno yake anashindwaje kumwambia mwenzake ukweli mpaka auandike gazetini, basi leo ninayeandika ni mimi, wewe nicheke lakini ukimaliza nisaidie, maana Jumamosi inakuja na sijui uso wangu niuweke wapi.

Naitwa Monika, nimezaliwa Nkoma huku Itilima, kwetu ni wakulima wa pamba na ni Wakatoliki wa kwenda jumuiya hata mvua ikinyesha. Nilisomea sheria, baadaye nikaongeza masomo ya sheria za biashara kati ya nchi na nchi, na huko ndani nikakutana na kitu kinaitwa dampingi nikakipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Naomba nikueleze ndiyo utaelewa balaa langu. Kiwanda cha nchi nyingine kikituuzia bidhaa huku kwa bei ya chini kuliko kinavyoiuza kwao, na viwanda vyetu vinavyotengeneza bidhaa ya namna hiyo vikaumia kwa sababu hiyo, sheria inaruhusu serikali ichunguze, na ikithibitisha iongeze ushuru maalumu. Ndiyo dampingi hiyo, na mimi kazi yangu, katika ofisi moja ya mawakili Dar es Salaam, ni kukaa na watu wa viwanda na wahasibu wao tukitafuta kama malalamiko yao yana mashiko au ni wivu tu wa kibiashara, na mara nyingine nakaa upande wa pili, na waagizaji wa bidhaa wanaosingiziwa. Ni kazi nzuri Shangazi, naipenda, na inanilisha.

Sasa nina mchumba, anaitwa Josia, anafundisha Kiswahili sekondari hapa Bariadi, mpole, mcheshi, ana sauti ya kwaya, na tumependana vizuri tu bila mambo mengi. Wazee wake walipokaa kujadili kama waje kwetu, baba yake mdogo, mzee Mwandu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akauliza huyo binti anafanya kazi gani, Josia akajibu kwa kujiamini kabisa, "Ni mwanasheria wa dampingi."

"Dampo?" akauliza mzee Mwandu.

"Dampingi, baba. Ni sheria ya kuzuia utupaji wa bidhaa."

Hapo mama yake, mama Ng'washi, akaacha kuchambua mchele akauliza, "Nani anatupa bidhaa? Mwendawazimu?"

Josia akajaribu kueleza, Shangazi, mwalimu wa Kiswahili huyo, na Kiswahili ndicho kilichotuponza, kila akisema utupaji wao wanaona jalala. Mzee Mwandu akasema, "Badugu, ndugu zangu, yaani tupeleke ng'ombe Nkoma tukachukue mtu wa taka?" Na mama Ng'washi akasema mwanawe hajakosa wanawake mpaka aende kuokota dampo. Josia akaona ndoa inazama mbele ya macho yake, akaropoka, "Jamani, ni mtu wa kodi! Yuko forodha, bandarini!" Mzee Mwandu akashusha sauti, akasema, "Mngesema mapema."

Mimi haya nilikuja kuyajua siku naenda kutambulishwa, tena tukiwa tumeshafika mlangoni, Josia ananinong'oneza, "Mpenzi, kuna kitu kidogo sijakuambia." Kitu kidogo! Nilipiga magoti nikaamkia, "Ng'wangaluka," baba yake mzee Mayige akanyanyuka kwenye kiti akanipa akikalie mimi. Kuku alipokuja nikawekewa firigisi, mimi mwanamke, mgeni, tena mkwe mtarajiwa, mbele ya wanaume wenye mvi. Nikamwangalia Josia, Josia akaangalia dari. Nikaila, Shangazi. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na woga, na ilikuwa imeungwa vizuri.

Tangu siku ile, na niko huku Bariadi kwa likizo, sijapumzika, mzee Mwandu nikipita karibu na duka lake anatoa mashine ya risiti chini ya kaunta anaifuta vumbi, anampa risiti hata aliyekuja kuuliza njia. Mama Ng'washi ananiita "mwanangu" na ameniomba nimweleze jirani yake kuhusu leseni ya kibanda. Shemeji yangu mmoja aliacha kunisalimia kabisa, baadaye nikaambiwa ana pikipiki ambayo haijalipiwa kitu. Nilikuwa nacheka, nikasema tutakuja kuwaambia tu siku moja, wakati ndoa imekwishafungwa na mtoto wa kwanza yupo, watafanyaje.

Lakini wiki iliyopita mzee Mayige alinichukua peke yangu akanipeleka Kasoli kwenye mashine yake ya kukamua mafuta ya pamba. Shangazi, ile mashine ndiyo iliyomsomesha Josia na ndugu zake wote. Tulikuta imezimwa, msimu wa pamba umefika na mashine haingurumi, vijana wake wamekaa kwenye magunia wanacheza drafti. Mzee akaweka mkono juu ya lile chuma kama mtu anayempima mgonjwa homa, akaniambia, "Unaona, mwanangu? Watu hawanunui tena mafuta yangu. Yamekuja yale ya njano kutoka nje, bei yake mimi hata nikikamua usiku na mchana siifikii. Wananiua. Lakini Mungu ana akili, amekuleta wewe. Wewe uko bandarini. Wazuie hapo hapo, malori yasije huku."

Nikasema, "Baba, mambo haya yana utaratibu wake."

Akasema, "Najua, ndiyo maana sitaki unijibu leo. Nimeita wenye mashine wenzangu Jumamosi, waje wakusikie. Na nimeongea na mnunuzi wa ng'ombe wa Mwanhuzi, anakuja Ijumaa kuchukua kundi langu. Nitanunua mbegu za pamba nijaze ghala hili mpaka paa. Malori yakizuiwa, mimi ndiye nitakuwa na mafuta mkoa mzima."

Kundi lote, Shangazi, na ndani ya hao ng'ombe wamo wa mahari yangu, lakini hata kama wasingekuwemo, yule ni mzee anayeuza mali ya maisha yake kwa sababu ya cheo ambacho sina.

Nikafanya kazi yangu, maana ndicho kitu pekee ninachokijua. Nilikwenda kwa wauza jumla sokoni nikageuza madumu ya mafuta ya njano moja moja kusoma maandishi, wakadhani ni mkaguzi, nikawaacha wadhani, nimeshazoea. Yote yamesafishwa na kujazwa hapa hapa nchini, kilichotoka nje ni mafuta ghafi ya mawese. Kwa hiyo yale malori anayotaka niyazuie bandarini hayapiti hata bandarini, yanatoka kiwandani kwa Watanzania wenzake. Nikampigia mwenzangu ofisini anayefuatilia bei za mawese, akaniambia kwa alichokiona yeye, hakuna dalili kwamba hao wa nje wanatuuzia chini ya bei ya kwao. Na mafuta ya pamba na mawese, hata kuthibitisha kwamba ni bidhaa inayofanana mbele ya wachunguzi, ni mabishano ya kukesha. Yaani kwa ninavyoona leo sina kesi, Shangazi, nina mzee mwenye huzuni tu.

Halafu kuna jambo lililoniuma zaidi. Pale kwenye mashine nilishika mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa, mkono ukatoka unang'aa kama nimejipaka kwenda harusini. Mashine imechakaa, nusu ya mafuta inaachwa kwenye mashudu, na ng'ombe wa jirani wanaouziwa yale mashudu wamenenepa mpaka wanatembea kwa shida. Nitamwambiaje mzee kwamba adui yake mmojawapo ni hilo chuma analolipapasa?

Nilimwambia Josia yote. Akanishika mikono, akasema, "Nyamaza mpaka mahari ipite. Jumamosi sema maneno makubwa makubwa tu, wazee watapiga makofi, yataisha." Nikamwuliza, na ng'ombe wa Ijumaa? Akasema baba yake ni mtu mzima. Nampenda Josia lakini siku ile nilimwona mdogo.

Sasa naomba unifungue macho. Nikisema ukweli, nitakuwa mwongo mbele ya ukoo mzima na Josia atanilaumu maisha, mama Ng'washi atarudi kwenye habari zake za dampo. Nikinyamaza, ng'ombe wanaondoka. Dada yangu Anna ananiambia njia ya katikati ni kumwandikia mzee malalamiko marefu yenye mihuri, tuyapeleke wizarani, yakae huko miaka, kila mtu abaki na heshima yake. Nifanye nini, Shangazi? Na hivi ni kweli nilikosea kusomea kitu ambacho mtu hawezi hata kukitaja ukweni?

Wako,
Monika, Bariadi

SHANGAZI JUSTINA ANAJIBU

Monika, goti bado, asante kwa kuuliza.

Wasomaji wangu waelewe kwanza jambo moja. Gazeti hili linatoka Jumapili. Barua ya binti huyu ilinifikia katikati ya wiki, ng'ombe wanachukuliwa Ijumaa na mkutano ni Jumamosi. Ushauri unaofika baada ya maji kumwagika ni rambirambi. Kwa hiyo nilimpigia simu siku ile ile nikamwambia yafuatayo, naye ameniruhusu niyachapishe pamoja na majina. Mzee Mayige naye ameruhusu, ila ametaka iandikwe kwamba mashine yake haijafa.

Nilikuambia hivi, mwanangu.

Kwanza, pole. Ukweni ni mtihani hata kwa mtu ambaye kazi yake inatamkika. Mimi mwenyewe ulipoanza kusema dampingi nilivaa miwani nikidhani ni ugonjwa. Miaka yote hii naletewa michepuko, mawifi na wanaume wanaoficha simu kwenye unga, leo unaniletea mawese ghafi. Nimekaa nikasoma mara mbili, na sasa nadhani nimeelewa, ngoja nijipime kwa kuku. Mwenye kuku wa Bariadi akienda kuwauza Maswa kwa bei ya chini kuliko anavyowauza hapa mlangoni kwake, na wafugaji wa Maswa wakafunga mabanda kwa sababu hiyo, Maswa wana haki ya kulalamika. Lakini akiwauza rahisi kwa sababu kuku wake wanataga sana na chakula amelima mwenyewe, na hapa Bariadi anawauza rahisi vile vile, basi huyo ni mfugaji hodari na Maswa wajitahidi. Umesema ndiyo, ndivyo. Haya. Kwa hiyo bei rahisi peke yake si dampingi. Hilo umelijua tangu chuoni na ukakaa nalo mdomoni pamoja na firigisi.

Sasa nikukaripie kidogo, maana umeniandikia kama mtu aliyeangukiwa na mti. Uongo alisema Josia, lakini kiti ulikikalia wewe. Ulipogundua mlangoni, ulikuwa na mdomo. Ungesema, "Baba, mama, mwenzangu amekosea kueleza kazi yangu, naomba nieleze mwenyewe," mngecheka, mngekula, yakaisha. Ukaona utamu wa kupewa kiti na firigisi. Sikulaumu sana, na mimi ningekula. Lakini cheo cha kuazima ni kama gauni la kuazima, mwenyewe hakosi kutokea siku ya sherehe.

Kuhusu Josia. Anakuambia "nyamaza mpaka mahari ipite" huku baba yake anauza kundi zima. Mwalimu huyu anaogopa aibu yake kuliko hasara ya baba yake. Simwiti mbaya, namwita mwoga, na uoga unatibika, ila dawa yake ni chungu na ataimeza mbele yako. Huendi kwa mzee peke yako. Anakwenda yeye, anatangulia kuongea, na neno la kwanza linalotoka kinywani mwake ni "nilidanganya." Akikataa kwenda, utakuwa umepata jibu lingine ambalo hukuniuliza.

Kuhusu dada yako Anna na malalamiko yake yenye mihuri: mwambie Shangazi amesema aache. Wewe ni mtaalamu. Daktari hamwandikii mtu dawa ya malaria kwa sababu mgonjwa ameshawaambia majirani ana malaria. Ukipeleka wizarani kesi unayojua haina miguu, siku utakayopeleka yenye miguu watakukumbuka kwa ile kesi kilema. Na mzee atakaa anasubiri barua ya serikali huku vijana wake wanaendelea na drafti.

Na hilo swali lako la mwisho, kama ulikosea kusomea. Mwanangu, usinichekeshe. Niliuliza uliza kidogo ili nisiongee ovyo. Kumbe maarifa yako haya yanatafutwa na watu wengi kuliko mama Ng'washi anavyodhani. Wanayataka mawakili, hilo tunajua. Lakini anayataka pia mhasibu wa kiwanda, kwa sababu bila yeye nani ataonyesha kwamba kutengeneza kitu kunagharimu kiasi gani na hasara ilianza lini? Anayataka mchumi wa wizara ya biashara anayefanya uchunguzi wenyewe. Watu wa forodha wanayataka, kwa kuwa ushuru ukishawekwa wao ndio wa kuutoza, kwa hiyo Josia hakukosea mbali sana, alikosea jengo tu. Wakala anayetoa mizigo bandarini asipoyajua atamwingiza mteja wake kwenye ushuru ambao hakuuota. Mwagizaji wa mabati au nondo, hata kama ni mzee Mwandu mwenyewe siku akikua, anapaswa kujua kwa nini bidhaa fulani imekuja na bei ya ajabu. Wanaokwenda kujadiliana kwenye vikao vya Afrika Mashariki wanayataka. Na sisi waandishi wa habari tunayataka kuliko wote, maana tunaandika "bidhaa za nje zaua viwanda" kila mwezi bila kujua tunasema nini. Kwa hiyo mzazi unayesoma hapa, mtoto akikuambia anataka kusomea kitu ambacho huwezi kukitamka, muulize kinafanya nini kabla hujamwambia hapana. Hayo ndiyo niliyomwambia kuhusu masomo, tuendelee na ukwe.

Nilikuambia uende kwa mzee Alhamisi, mchana, kule kule Kasoli kwenye mashine, usimwambie sebuleni mbele ya wageni. Mwanamume akisikia habari mbaya ni vizuri awe na kitu cha kushika. Mwambie mambo matatu kwa maneno ya kawaida: mimi si mtu wa kodi, malori yale siwezi kuyazuia na hakuna atakayeyazuia kwa sababu ninazoziona leo, usiuze ng'ombe. Halafu nyamaza. Usianze kumwaga vifungu vya sheria, vifungu havimfuti mtu machozi.

Monika akaniuliza kwenye simu, kwa sauti ndogo, "Na akinifukuza, Shangazi?"

Nikamjibu, heri uchumba ufe Alhamisi kuliko ndoa ianze na zizi tupu na kila ukimwangalia baba mkwe unaona ng'ombe. Nenda.

Akaenda. Jana jioni alinipigia kunieleza, na kwa kuwa nyote ni wambea kama mimi, nawaeleza.

Josia alikwenda. Amevaa shati la kwaya, sijui kwa nini. Alisimama mbele ya baba yake akasema, "Baba, nilidanganya kuhusu kazi ya Monika," sauti ile ya kwaya ikamwacha njiani, akamalizia kwa kunong'ona. Mzee Mayige akamgeukia Monika.

"Wewe si mtu wa bandarini?"

"Hapana, baba. Ni mwanasheria. Kazi yangu ni kuchunguza kama bidhaa za nje zinauzwa huku chini ya bei ya kwao."

"Na hizi za njano zinauzwa hivyo?"

"Kwa nilichokiona, hapana. Na zinasafishwa na kujazwa hapa hapa nchini. Hata kungekuwa na kesi, mashine moja haiwezi kuipeleka, ni lazima wazalishaji wengi wasimame pamoja, na waonyeshe hasara yao kwa hesabu. Baba, naomba usiuze ng'ombe."

Mzee akauliza, "Kwa hiyo mimi nimekosa tu. Hakuna aliyenikosea."

Monika anasema swali hilo ndilo lililomtoa machozi, mbele ya vijana na drafti yao. Akachota mashudu kwa mkono akamwonyesha jinsi yanavyong'aa. Akamwambia mafuta yake yapo, yanakwenda kwa ng'ombe wa jirani. Mzee alitazama ule mkono. Kisha akamgeukia mwanawe na kumfokea kwa Kisukuma, maneno ambayo Monika amekataa kunitafsiria na mimi ninayaelewa vizuri tu, yaliyohusu mwalimu mzima, chaki na aibu. Josia alipokea yote bila kujitetea. Hilo Monika alilihesabu, na mimi nimelihesabu.

Mkutano wa Jumamosi mzee hakuuvunja. Alisema watu wameshaalikwa na mbuzi ameshafungwa. Monika alisimama akajitaja kwa kazi yake halisi, na waliposikia hakuna lori litakalozuiwa, karibu nusu yao wakaondoka, mmoja akisema wanawake wa Dar wanajua kuongea. Waliobaki walimuuliza maswali mpaka nyama ikapoa: nani anapanga ushuru wa kawaida wa mafuta ghafi, ombi la kuubadilisha linapelekwaje wizarani wakati wa bajeti, mashine mpya za kukamua zinapatikana wapi na kama wanaweza kununua moja kwa ushirika. Mzee Mwandu alikuwepo pia. Alipojua hakuna mtu wa kodi katika ukoo, alikohoa, akaondoka kwenda dukani, na nasikia mashine ya risiti imerudi chini ya kaunta. Mzee Mwandu, hili ni gazeti, hata wa kodi wenyewe wanalisoma.

Mama Ng'washi bado anasema dampo. Monika, huyo mwachie. Msaidie kuchambua mchele, usimfundishe sheria, na Krismasi mbili zikipita atakuwa anawatambia wenzake kwamba mkwe wake ana kazi ambayo hakuna anayeweza kuitaja.

Kwako wewe nina maagizo matatu na sirudii. Usirudi Dar kabla hujamkutanisha mzee na hao wenzake waliobaki, uwasaidie kuandika maombi yao kuhusu ushuru kwa njia iliyo halali, na usidai malipo. Josia mpe mwaka mzima wa kukuambia mambo kabla hamjafika mlangoni, ukiona ananong'ona tena "kuna kitu kidogo," geuka na viatu vyako urudi ulikotoka. Na tarehe ya mahari isipangwe na wewe wala na yeye, subirini mzee aseme.

Ingawa nadhani ameshasema. Alhamisi ile, baada ya kumaliza kumfokea mwanawe, mzee Mayige alikaa juu ya gunia, akatoa simu mfukoni akampigia mnunuzi wa ng'ombe wa Mwanhuzi, ambaye alikuwa ameshakodi lori. Yule akapiga kelele kwenye simu mpaka wote wakamsikia, anauliza ni nani huyo aliyembadilisha mawazo.

"Usije," mzee akamwambia. "Mkwe wangu amekataa."